Kongwa la Yaya wa Tumbuizi

Nchi ya Tumbuizi ilijaaliwa kila neema isipokuwa aibu. Mji wake mkuu uliuzunguka mlima, vigogo kileleni wakipunga upepo, walalahoi bondeni wakichota maji waliyokwisha kuyaoga wenzao wa juu. Na kileleni kabisa aliketi Mtukufu Shelabela, aliyependa amani kiasi cha kumfunga yeyote aliyelalamika kwamba haipo. Huko juu kulea kulihesabiwa kazi ya kishenzi. Mtoto wa kigogo akishakatwa kitovu tu, alikabidhiwa yaya wa bondeni amnyonyeshe, amwogeshe na amfunze adabu. Basi Baraza lilipotunga Sheria ya Wajibu wa Wazazi, kwamba mtoto akifanya kosa, mzazi wake ndiye avishwe kongwa la mti shingoni, waheshimiwa, mashallah, hawakujisahau: walipitisha kwamba mzazi ni yule aliyenyonyesha. Wakajipigia makofi mpaka viganja vikawawasha.

Bi Nyamvula ndiye aliyemnyonyesha Tamimu, mwana pekee wa Mtukufu. Tamimu alipovunja maduka ya watu, yaya alivaa kongwa. Alipompiga mzee wa watu, akavaa tena. Sasa kijana, hata ndevu hazijamwota, kalichoma ghala la nafaka la bondeni, eti alitaka kuona moto mkubwa! Na kwa kosa la tatu kongwa halivuliwi mpaka kaburini. Bi Nyamvula alisimama barazani, mbele ya hakimu na Mtukufu mwenyewe, kwa hofu, na kwa hasira zaidi.

"Wewe ndiye mzazi wake?" hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, mimi nilimnyonyesha tu."

"Usinizungushe, mama! Sheria inasema mzazi ni nani?"

Bi Nyamvula alimtazama Tamimu, aliyekuwa akipiga miayo.

"Haya, ni mimi. Nivisheni. Lakini mwanangu harudi tena kileleni. Naondoka naye, akalijenge ghala alilolichoma. Inuka, Tamimu, twende kwetu."

Hakimu alipekua sheria, akapekua tena, jasho likimtoka. "Mtoto hukaa kwa mzazi wake, Mtukufu," alisema kwa sauti ndogo. "Ndivyo tulivyopitisha."

"Mwanamke huyu ana wazimu!" Shelabela alifoka akisimama. "Huyo ni mwana..."

Akakatiza hapo hapo. Askari wa kongwa, mtiifu wa sheria kupindukia, alikuwa keshamgeukia Mtukufu na kongwa lake, anangoja neno limalizike.

"Baba?" Tamimu aliita, miayo imemkauka. "Baba, si useme!"

Bi Nyamvula alimshika mkono, akaanza kumvuta taratibu kuelekea mlangoni, na baraza zima likabaki linautazama mdomo wa Mtukufu.