Salamu za Akida Rajabu

Mgeni bin Shaban alikuwa na ugonjwa wa kuandika. Wenzake waliokuja Dodoma na reli ya Mjerumani walifungua maduka. Yeye alinunua wino, akawa anapeleka habari za bara kwenye gazeti moja la pwani. Kazi hiyo ilimpa maadui wengi na ugali kidogo.

Sharti lilikuwa moja: kila barua isomwe kwanza mbele ya Akida Rajabu, mtawala wa mahali aliyewekwa na Wajerumani, ndipo igongwe muhuri. Akida alikuwa na tumbo la heshima na masikio ya kuchagua. Barua za siku hizo zilianza kwa salamu ndefu, na Mgeni alizirefusha zaidi: Akida wetu, taa ya wilaya, simba wa nyika. Likifika neno "ama baada", pale habari yenyewe inapoanza, Akida alikuwa ameshashiba sifa. Aligonga muhuri, akaenda kulala. Basi nyuma ya "ama baada" Mgeni aliandika alichotaka.

Ndivyo alivyoandika habari ya Tabu, mjane wa Chamwino, aliyenyang'anywa ng'ombe wa mahari ya binti yake kwa jina la serikali, nao wakaonekana wakicheua zizini kwa Akida. Walikuwa wawili. Mgeni aliandika mmoja. Wawili aliona ni kumvunjia mzee heshima kupita kiasi, maana hata mkorofi ana woga wake.

Gazeti lilichapa vyote, salamu na habari. Akida, aliyesikia tu kwamba ametajwa, aliita baraza siku Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, alipofika kwa treni, akaamuru Mgeni asome hadharani.

Mgeni alisoma salamu. Akida alitabasamu mpaka kilemba kikasogea. Ilipofika "ama baada", akaanza kupiga makofi, na watu wake wakafuata. Hapo palikuwa pazuri pa kukunja gazeti. Mgeni aliogopa. Lakini Tabu alikuwa amekaa mbele, ametembea tangu jana, anamtazama mdomoni. Akaendelea.

Bwana Shauri alijua Kiswahili kuliko Akida alivyodhani. Alihukumu papo hapo: ng'ombe arudishwe, na Mgeni achapwe viboko ishirini na tano kwa kuiaibisha serikali mbele ya watu. Akida aliachiwa kilemba chake.

Jioni Tabu alimkuta Mgeni amelala kifudifudi. Alikuwa amemletea samli ya kupaka.

"Shikamoo mama. Wamekurudishia?"

"Marahaba. Mmoja."

"Si walikuwa wawili?"

"Nimewaambia. Askari akasema karatasi inasema mmoja. Mwanangu, nani alikutuma umpunguzie?"

Aibu ilimuuma Mgeni kuliko kiboko, na kiboko kilikuwa kinauma kwelikweli. Aliomba wino, akaweka karatasi juu ya pipa, akaandika amesimama, kwa kuwa kukaa hakukuwezekana. Muhuri wa Akida hakuuhitaji tena. Barua ingeshuka pwani mfukoni mwa mchochea makaa wa treni. Salamu hakuweka hata moja. Alianzia kwenye "ama baada".