Pole Haimfungi Mtu

Usiniulize habari za masomo ya ng'ambo kama unataka kusikia kwamba nilifurahi. Nilichoka. Nilichoka mpaka mashavu, maana kule nilikuwa natabasamu kutwa nzima ili watu wasidhani nina shida. Kuongea lugha ya watu tangu asubuhi mpaka jioni ni sawa na kuvaa viatu vya kuazima. Kutembea utatembea, lakini hutasahau hata kidogo kwamba umevaa viatu.

Chuo chetu kina mpango wa kubadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha huko mbali. Mimi nasoma kilimo, na nilipofika mwaka wa tatu nikachaguliwa kwenda kusoma kule muhula mzima. Mama yangu ni fundi cherehani, na mwezi ule hakuna mteja aliyepimwa kiuno bila kuambiwa kwamba binti wa fundi anapanda ndege. Mama ananiita Kasuku, kwa sababu eti nilianza kuongea kabla ya kutembea na sijanyamaza tangu hapo.

"Kasuku wangu," aliniambia siku ya kuondoka, "wewe nenda kasome. Huo mdomo uniachie hapa hapa."

Laiti ningemsikia!

Kule nilipangiwa chumba na binti mwenyeji ambaye moyoni nilimbatiza jina la Kimya. Si mtu mbaya. Alinionyesha jinsi ya kuwasha jiko, akanigawia nusu ya kabati, akaniandikia kwenye mlango siku za kutoa taka. Ila kumtoa neno mdomoni ilikuwa kama kumng'oa jino. Nijikwae kwenye zulia, hasemi kitu. Nirudi nimelowa chapachapa, ananitazama, anarudi kwenye kitabu chake. Mwanzoni nilidhani ananichukia. Baadaye nikaona wote wako hivyo hivyo: mtu akidondosha vitabu ngazini, wenzake wanapita pembeni wakiangalia kwingine, na kwao hiyo ndiyo heshima.

Mimi hilo liko nje ya uwezo wangu. Mtu akijikwaa, akiungua, akifiwa, akibeba mzigo, akirudi kazini, mdomo wangu unasema pole kabla sijaupa ruhusa. Na tatizo ni kwamba lugha yao haina pole. Kabla ya safari tulipokuwa tunafundishwa lugha hiyo, nilimuuliza mwalimu, "Pole wanasemaje?" Akakuna kichwa, akasema, "Tumia tu neno lao la samahani. Watakuelewa." Mungu anamwona mwalimu yule.

Basi nikawa nagawa samahani kama mtu anayemwaga mtama. Mpishi wa bwalo kaungua kidole, samahani. Mhadhiri kapaliwa na chai, samahani. Siku moja Kimya akaniuliza, "Mbona unaomba radhi kila saa? Kwani unafanya nini?" Nikacheka nikidhani ananitania. Nilifurahi hata kutaniwa.

Kati ya wanafunzi, mimi na Kimya tu ndio tuliokuwa na funguo za banda la kioo la kukuzia miche. Kimya alikuwa anakuza miche ya nyanya kwa ajili ya utafiti wake wa mwisho, na mimi nilikuwa napima udongo kwenye meza ya pembeni. Jioni moja niliondoka mapema kwa sababu kichwa kilikuwa kinanigonga, nikamwacha yeye anamwagilia. Asubuhi nilipofika nikakuta dirisha la juu liko wazi. Baridi ya usiku ilikuwa imeingia yote, na miche ilikuwa imelala chini, imekuwa myeusi kama mchicha uliosahaulika jikoni. Kimya alikuwa amekaa sakafuni analia. Msimamizi wa banda na wanafunzi wengine wamesimama mlangoni, mikono mifukoni, wanatazama.

Jamani, mtu analia, nyie mnatazama? Nikapiga magoti nikamkumbatia, nikamwambia kwa lugha yao: samahani, samahani sana, samahani dada yangu. Nikasema na kusema. Nikamwona msimamizi anatazamana na wenzake, wala sikujali.

Siku ya pili nikaitwa kwa mkuu wa idara, mama mmoja nadhifu mwenye sauti ya taratibu.

"Tunashukuru kwamba umekiri mapema," akasema.

"Nimekiri nini?"

"Dirisha. Ulimwomba mwenzako msamaha mbele ya watu."

Nikajieleza, lakini mtu akiwa na hofu lugha ya kigeni humkimbia, na nilichotoa pale hata mimi sikukielewa. Akanieleza kwamba kamati itakaa. Nikikubali kosa mbele yao, nitapewa onyo na nitamaliza muhula wangu. Nikikana, nao wasiniamini, narudishwa nyumbani bila alama hata moja. Kimya alikuwa ameshaulizwa nani alitoka bandani mwisho, naye akajibu kwamba hakumbuki.

Hakumbuki! Nilimwacha ameshika kopo la maji mkononi, leo hakumbuki?

Nikarudi chumbani, nikampigia mama. Nyuma yake nilisikia cherehani inakwenda.

"Kwani ulilifungua wewe?" akauliza.

"Sikulifungua, mama."

"Sasa?"

"Nilimpa tu pole."

"Ehe."

"Wakasema nimekiri."

Cherehani ikanyamaza. "Pole imfunge mtu? Makubwa haya! Hivi huko mtu akijikwaa mnamwambiaje?"

"Hatumwambii kitu. Tunapita."

"Mnapita! Kama mbuzi?"

Nikacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Nikamwambia ukweli, kwamba nimechoka. Nimechoka kutafuta maneno, nimechoka kuitwa mgeni, nimechoka kucheka vichekesho ambavyo sijavielewa. Kukubali ni neno moja tu. Nikubali yaishe, nimalize muhula, nirudi.

Mama akanikatiza. "Kasuku, mtu kusingiziwa ni bahati mbaya. Lakini kujisingizia mwenyewe, hilo mimi sikukufundisha." Kisha cherehani ikaanza tena.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na madirisha yaliyofungwa vizuri sana. Mwenyekiti alikuwa mzee mrefu, miguu yake haienei chini ya kitu chochote. Kimya alikaa upande wa pili, macho mezani. Mimi nikawekwa mwisho kabisa wa meza, peke yangu. Nikawaeleza habari ya pole.

"Kwa hiyo kwenu mnaomba msamaha kwa jambo ambalo hamkulifanya?" akauliza mkuu wa idara.

"Hatuombi msamaha. Tunampa mtu pole."

"Mnampa nini?"

Hapo nikakwama. Utampaje mtu kitu ambacho kwao hakina jina? Nikajaribu huruma, hapana. Rambirambi, hapana, hakuna aliyekufa ila nyanya. Waliniangalia kwa upole wa watu ambao wameshaamua. Nikahisi uchovu wote wa muhula unanikalia mabegani, na ulimi wangu ulikuwa tayari kusema, haya, ni mimi, nipeni hilo onyo nikalale.

Mwenyekiti akasogea kuchukua jagi la maji. Goti lake likagonga mguu wa meza, ngo!

"Samahani!" nikasema kwa lugha yao.

Chumba kizima kikanigeukia. Mzee alikuwa ameshika goti, ameniangalia kutoka kule mbali alikokaa.

"Unaniomba msamaha wa nini? Wewe ndiye umenigonga?"

"Hapana, mzee wangu. Umeumia."

Alilisugua goti lake akiendelea kunitazama, kisha akaanza kucheka polepole. Mkuu wa idara naye akaziba mdomo.

"Na neno hili ndilo ulilomwambia mwenzako?"

"Hilo hilo."

Mwenyekiti akaacha kucheka, akamgeukia Kimya. "Naomba ujaribu kukumbuka tena. Nani alitoka mwisho?"

Kimya alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Mimi," akasema. Alikuwa amefungua dirisha kwa sababu ya joto wakati anamwagilia, akaondoka akalisahau. "Aliposema samahani mbele ya watu wote," akaendelea kwa sauti ndogo, "nikanyamaza."

Wakanisafisha palepale. Mkuu wa idara alinishika mkono akaniambia nirudi darasani, muhula wangu uko salama. Kimya akaambiwa aanze miche upya. Nilitegemea nitaruka kwa furaha, lakini nilitembea mpaka chumbani, nikavua viatu, nikakaa kitandani na koti langu mwilini. Alitaka nirudishwe nyumbani kwa ajili ya dirisha lake. Tunalala chumba kimoja, tunachangia kabati, naye alikuwa tayari.

Jioni akaingia. Akasimama mlangoni bila kuweka mkoba chini. Nikaona midomo yake inajizoeza kitu.

"Pole," akasema. Kwa Kiswahili. Alikuwa amelidaka neno kule kwenye kamati, akalibeba siku nzima aje kunipa.

Ningeweza kuliacha lipite. Nyumbani ukipewa pole unasema asante, nimeshapoa, mambo yanaendelea. Lakini sikuwa nimepoa hata kidogo.

"Hapana," nikamwambia. "Pole ni neno la asiye na kosa. Wewe hilo si lako."

Akababaika. "Lakini ulisema mkiona mtu ameumia..."

"Ndiyo. Ila aliyemuumiza hasemi pole. Aliyemuumiza anasema samahani. Sema, kwa Kiswahili hicho hicho. Sa-ma-ha-ni."

Akajaribu, akalivunja katikati. Nikamrudisha mwanzo. Akajaribu tena, ulimi ukamsaliti, na mimi nikamrudisha mwanzo tena, sikumwonea huruma. Mara ya mwisho likatoka zima. Alipolisikia limetoka, akaketi juu ya mkoba wake pale mlangoni na machozi yakaanza kumtiririka.

Nilikuwa na hasira naye bado. Nilitaka alie, nilitaka nikae pale na koti langu nimtazame analia, nisiseme kitu, kama wao. Nikafumba mdomo kabisa. Lakini ndio mdomo ule ule ambao mama aliniambia niuache nyumbani.

"Pole," nikamwambia.