Aliyelala Ndani ya Mzeituni

Mzeituni ulining'inia kwenye kreni juu ya yadi ya miche ya Ras Al Khor, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita Kasian alivua kofia mbele ya mti. Shina lake lilikuwa limejisokota, likajikunja, kisha likapasuka katikati na kuacha tundu ambalo mtu mzima angeweza kuingiza mkono hadi begani. Karatasi iliyofungwa kwenye tawi ilisema una miaka elfu moja. Kasian, Mchaga mzaliwa wa Kibosho mlimani, alilelewa kuheshimu miti iliyomzidi umri. Huu uliwazidi hata mababu wote aliofundishwa kuwataja kwa majina.

"Teremsha polepole, Mzee Khalfan!"

"Miye nateremsha, weye unaswali," Khalfan alijibu kutoka kibandani, akicheka. Alikuja Dubai akiwa kijana, akazeekea humo kwenye usukani wa kreni, na Kiunguja chake hakikumtoka hata chembe.

Mti ulikuwa umesafiri wiki tatu baharini ndani ya kontena la baridi, kutoka milima ya Tramuntana katika kisiwa cha Mayorka, ukielekea kwenye bustani ya hoteli mpya pale Dubai Marina. Saa tisa alasiri wapuliza dawa wangekuja kuufukiza, kisha tundu lingezibwa kwa saruji ili wageni wasione giza ndani ya mti. Kabla ya hapo ilihitajika saini ya mkaguzi: shina ni safi, halina kiumbe. Mkaguzi alikuwa Kasian. Naye, kama ilivyokuwa ada ya yadi dereva wa lori anapopiga kelele za yalla, yalla, fanyeni haraka, alitia saini mti ukiwa bado hewani.

Kwa hiyo aliingiza mkono tunduni kwa sababu ya usafi tu, kutoa nyasi zilizosalia. Vidole vyake viligusa kitu cha mviringo, baridi kama jiwe la mtoni. Kisha vikagusa manyoya.

Alikitoa taratibu. Alikuwa mnyama mdogo, si panya wala si kindi, amejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Uso wake ulikuwa na utepe mweusi uliopita machoni hadi nyuma ya masikio, na mkia wake mrefu, wenye kishungi cheupe nchani, aliuzungushia mwili kama anayejifunika. Kasian alidhani amekufa. Akamhurumia, na alipokuwa anatafuta pa kumzika, ubavu wa mnyama ukapanda, ukashuka.

Kasian hakutikisika. Alisubiri pumzi ya pili. Lori likaondoka, muadhini akaadhini adhuhuri na kumaliza, ndipo ubavu ukapanda tena. Kiumbe huyu alivuka bahari akiwa usingizini, na hakujua bado kwamba mlima wake umebaki nyuma.

"Mtupe kwenye pipa," Khalfan alisema alipomwona. Hakucheka tena. "Umeshatia saini. Umesahau yaliyomkuta Himid? Nyoka katoka kwenye chungu alichokikagua yeye, wiki haikwisha keshapandishwa ndege. Funika kombe mwanaharamu apite, bwana."

"Anapumua, mzee."

"Na weye je, huko kwenu utapumua kwa visa iliyofutwa?"

Swali lilimwingia. Himid hakurudi tena Dubai, na Kasian alikuwa na mabinti wawili shuleni. Ilitosha kumrudisha mnyama tunduni. Dawa ingefanya kazi yake saa tisa, saruji ingefunika, na hakuna ambaye angemuuliza neno. Lakini mficha uchi hazai, alijiambia, na tayari miguu yake ilikuwa imeelekea kwenye safu za vyungu vya mapambo.

Katikati ya vyungu hivyo ilisimama mimea yenye majani marefu ambayo mabenki hununua kupamba milango yao. Kwa miaka sita Kasian aliyafuta vumbi majani hayo kwa kitambaa bila kuyafikiria. Siku hiyo aliyaona. Yalikuwa ya isale, jani ambalo Mchaga aliyekosa hulifunga fundo na kumpelekea aliyemkosea, na akilipokea tu, shauri limekwisha, hata liwe la damu. Kasian aliona haya kwamba alikuwa amelisahau mbele ya macho yake mwenyewe. Alichuma moja, akalifunga fundo, akamlaza mnyama ndani ya boksi, akaenda ofisini.

Madam Catalina, aliyekuja na mzeituni huo na mingine kutoka kisiwani kwao kusimamia upandaji, alikuwa mama wa miaka hamsini, mwenye ngozi iliyochomwa na jua la shambani. Walizungumza Kiingereza, kila mmoja akikichechemesha kwa mguu wake.

"Madam, nimekosa. Nilitia saini kabla ya kutazama." Akanyoosha jani kwa mikono miwili.

Catalina alilipokea. Kasian akashusha pumzi ndefu, mzigo ukamtoka. Kwao Kibosho wangekwisha kukaa kunywa pombe ya mbege.

"Unajua karatasi hii ya ukaguzi ina uzito gani?" Catalina aliuliza kwa ukali, akiliweka jani juu ya meza kama risiti. "Serikali ikigundua mdudu mmoja tu, miti yote kumi na miwili inachomwa moto. Niandikie jina lako kamili na namba yako ya kazi."

Kasian alikuwa amesahau kwamba msamaha wa mlima mmoja haufahamiki kwenye mlima mwingine. Liwalo na liwe, akafunua boksi.

Catalina alimwinamia mnyama, akamtaja kwa lugha ya kwao, jina fupi, kama mtu anavyoita nyumbani. Aliposema tena, ukali ulikuwa umekwisha.

Babu yake, alisimulia, alikuwa fundi wa kuta za mawe matupu, bila saruji wala udongo, kuta zinazopanda ngazi kwa ngazi kutoka baharini hadi mawinguni, na juu yazo huzunguka tumbusi weusi wenye mabawa mapana kama mlango. Wakati wa baridi babu aliinua jiwe, akamkuta mnyama huyu amelala usingizi wake wa miezi ya baridi, akalirudisha jiwe mahali pake. Ukuta unaweza kusubiri, alisema, na kazi ikaachwa hadi majira ya machipuko. Tena kulikuwa na chura ambaye wataalamu walimjua kwa mifupa tu, wakaandika kwamba alitoweka maelfu ya miaka iliyopita. Catalina akiwa msichana, chura huyo akapatikana hai kwenye korongo, akiimba gizani, dume limebeba mayai miguuni.

"Wakati wote huo alikuwa anaimba?" Kasian aliuliza.

"Wakati wote. Sisi ndio hatukusikia."

Kasian alifikiria mifereji ya mawe ya kwao, iliyochongwa na watu ambao majina yao hayajulikani na maji bado yanapita, na akatamani kulia.

"Na hili jani ni la nini?" Catalina aliuliza.

Kasian alimweleza. Catalina alilisikiliza fundo kwa vidole vyake. Kisha akavuta karatasi ya ukaguzi, akalikata jina la Kasian kwa mstari mmoja, akaandika la kwake, na chini yake: *Ufukizaji umesimamishwa.* Akamwambia ampeleke mnyama kwenye chumba cha baridi cha maua, asije akaamka kabla hajatafutiwa daktari wa wanyama na vibali vya kurudi kwao.

"Na mti, madam? Utarudi?"

"Mti haurudi." Aliutazama dirishani. "Niliung'oa mimi. Mwenye shamba alikufa, watoto wakauza, nikaleta mashine. Babu yangu ndiye aliyejenga ukuta ulioushika. Tuliuvunja ukuta huo ili tuupitishe mti." Akamgeukia Kasian. "Kwenu, mtu aliyeukosea mti hupeleka jani kwa nani?"

Kasian alilitafuta jibu kwa moyo wake wote.

"Sijui, madam. Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza."

Catalina akatoka juani bila kofia, akasimama mbele ya mzeituni. Kasian akamfuata, akasimama hatua moja nyuma yake, kama anavyosimama mtu msibani. Khalfan akazima kreni. Gari la wapuliza dawa lilifika langoni, likapiga honi, likapiga tena, na hakuna aliyekwenda kufungua.