Jina la Dereva

Miaka tisa niliandika barua nikidai jina la babu, dereva wa jeshi aliyeuawa vitani, lichongwe kwenye ukuta wa mashujaa. Wakubwa wakanijibu eti dereva si mpiganaji. Kwani bomu liliuliza cheo? Leo wamesalimu amri! Bibi alinitangulia ukutani, mbio, viatu mkononi.

Mchonga mawe akajikuna kichwa. "Bibi, nafasi imebaki hapo juu tu, juu ya jina la jenerali."

"Weka hapo hapo!" nikadakia.

"Wakubwa watanitoa roho!"

"Chonga, mwanangu," bibi akasema, akicheka na kulia. "Mume wangu alimwendesha huyo jenerali vita vyote, hadi siku ya bomu. Siku zote yeye ndiye aliyekaa mbele."

Nyundo ikaanza kulia, nasi tukashangilia mpaka walinzi wakatoka kuchungulia.