Sura ya Kaisari Mkononi mwa Thalusa

Mimi ndiye niliyempa Thalusa ile sarafu ya shaba, kwa hiyo lawama zote nitwisheni mimi.

"Ishike juu, shoga," nilimwambia. "Mwenye sura ya Kaisari mkononi haguswi. Ukifika uwanjani ikumbatie sanamu yake, usiachie mpaka hakimu aje akusikilize."

Sikubuni. Hapa bandarini Puteoli nilishamwona mtumwa wa dobi akimtukana bwana wake hadharani, ameshika shaba kama ile, na bwana akameza mate tu. Yangu ilikuwa kubwa, mpya: Kaisari ana shingo nene na taji la majani, nyuma yupo Amani, yule mungu wa kike, kashika tawi. Sisi wauza dengu za kuchemsha hatupati shaba nzuri hivyo kila siku. Niliitoa roho ikiniuma.

Vibio mwenye tanuri la mikate, bwana aliyemmiliki Thalusa na kumsagisha ngano, alikuwa amemuuza Zosima, binti wa Thalusa, mtoto wa miaka tisa, kwa mchuuzi wa watumwa wa ng'ambo. Meli ilikuwa inaondoka adhuhuri.

Asubuhi Thalusa alimkamata mtoto mkono, wakatoka mbio. Nikaacha chungu changu motoni, nikawafuata nikihema. Kufika uwanjani, jamani! Sanamu imefungwa kamba shingoni, watu wanaivuta huku wakiimba. Tarishi alikuwa ameingia kutoka Roma kulipopambazuka: Kaisari ameuawa, na Baraza limeamuru sura yake ifutwe kila mahali.

Thalusa hakuelewa. Vibio alipotufikia, aliinua shaba juu.

"Bwana, nimemshika Kaisari! Usinisogelee!"

Uwanja mzima uliangua kicheko.

"Mwambie ajiokoe yeye kwanza!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Kaisari gani, kichaa wewe?" Vibio akasema. "Huyo wako si ndiye anaburutwa pale?" Akamvuta Zosima kwa nguvu.

"Mama, inua tena!" mtoto alilia. "Inua tena, hajaiona vizuri!"

Akainua. Akainua tena na tena, Zosima akizidi kwenda mbali, mpaka askari akampokonya shaba, akailaza juu ya jiwe na kuipiga patasi usoni. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Nilinyamaza kimya, mwoga mimi, nisije nikaulizwa imetoka kwa nani.

Shaba za Kaisari mpya zilifika siku ya ishirini tangu pale. Nyuma ni Amani yule yule na tawi lile lile. Mbele ndiko kuna uso mwingine, mwembamba. Thalusa alikuja na unga nyweleni, akaokota moja kwenye bakuli langu, akaitazama sana.

"Huyu angefaa?" akaniuliza.

Nilitaka kumdanganya, nimwambie hapana. Nilishindwa.

"Angefaa, shoga."

Akairudisha bakulini, akaenda zake kusaga.