Nakala Moja Haitoki

Jumanne, saa mbili kamili asubuhi, Hyasinta alifungua maktaba ya Musoma, akapangusa meza nne kwa kitambaa kibichi, akawapa wazee gazeti la wiki iliyopita, kisha akaketi kuorodhesha barua zilizoingia. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilimjulisha kwamba vitabu alivyoomba miaka miwili nyuma havipo kwa sababu karatasi hakuna. Ya pili ilitoka chuo kikuu kimoja cha nje, ikapitia mkoani, nayo iliomba wasomaji wa maktaba washiriki katika utafiti juu ya kumbukumbu za watu wa kando ya ziwa katika miaka ya hali ngumu. Ilikuwa na mihuri mitatu. Hyasinta akaipa namba kumi na nne, akashusha pumzi.

Ulikuwa mwaka themanini na nane. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, sukari nayo, mitumba ikauzwa hadharani, na watu walisema sasa kila kitu ruksa. Basi watafiti nao wakawa ruksa. Utafiti si kitu kibaya, tusisingizie. Ubaya wake ni mmoja tu: unachomweleza mtafiti huondoka naye. Musoma walilijua hilo tangu mwaka themanini na moja, alipokuja bwana mmoja kuuliza habari za uvuvi. Mzee Eliasi wa Makoko alimweleza, tena kwa raha zake, mahali sato wanapojificha siku za upepo. Kesho yake akaingia ziwani, akazunguka mpaka jua likafika utosini, hapajui. Mpaka leo hapajui. Mama mmoja wa Murangi aliimba wimbo wa kubembelezea watoto, ukarekodiwa vizuri, na mwanawe wa mwisho akalelewa kimya. Bwana yule aliahidi kuleta kitabu. Kitabu chenyewe kiko wapi? Wanamngoja.

Ndiyo maana Hyasinta, alipokabidhiwa maktaba, aliandika utaratibu kwa mkono wake na kuubandika mlangoni. Ombi la kutoka nje lisomwe kwa sauti mbele ya wasomaji. Anayetaka kushiriki akalale siku tatu kwanza. Na la mwisho alilitoa katika kanuni za kazi yake: kitabu chenye nakala moja hakiazimishwi, kwa hiyo na jambo linalojulikana na mtu mmoja halitoki. Mwenye nalo amsimulie kwanza mtu mwingine mpaka limwingie lote, ndipo aende kwa mtafiti. Mkoani walicheka. Wasomaji hakucheka hata mmoja.

Mtafiti alifika Ijumaa. Aliitwa Clementi, kijana mpole kutoka mjini aliyeajiriwa na kile chuo, na alikuja na sanduku la bati lililojaa madodoso ya karatasi nyeupe mno, wazee wakawa wanazipapasa tu. Alisoma utaratibu pale mlangoni mara mbili.

"Dada, hili la nakala chuo hakikuniambia."

"Chuo hakijapotezaga kitu," Hyasinta alijibu. "Weka saini hapa."

Akaweka.

Hyasinta alidhani watu wangekimbia. Hapo alikosea, maana alifikiri kila mtu anataka kubaki na alicho nacho. Jumatano wasomaji walikuwa wamepanga mstari mpaka nje ya geti, na wengi wao hawajawahi kusoma humo hata ukurasa. Mzee mmoja alitoka Bunda kwa baiskeli, kuieleza siku ng'ombe wake thelathini walipoibwa. Nakala alimwachia shemeji yake. Alipomaliza kwa Clementi alilala palepale kwenye benchi, akakoroma mpaka saa ya kufunga. Mwanamke wa Butiama alieleza njaa ya mwaka themanini na nne, akatoka anacheka, akanunua maandazi matatu. Ng'ombe hawakutafutwa wala chakula hakikuongezeka, lakini watu walitembea wepesi.

Alhamisi akaja mama yake Hyasinta.

Jina lake Jeska, ila Makoko nzima ilimwita Mama Renatus, kwa jina la kifungua mimba wake. Renatus alizama mwaka huohuo wa njaa, akivuka kutoka Kisorya kwenda Ukerewe kutafuta makopa ya muhogo. Boti ilikuwa ya Bwana Magesa. Magesa alipakia magunia ya sukari ya magendo juu ya miguu ya abiria, upepo ulipokuja watu hawakuweza hata kusimama. Walionusurika waligawiwa sukari, nao wakanyamaza. Asiyenyamaza alikuwa mmoja. Kila Jumatatu, kwa miaka minne, Jeska alivaa kanga yake safi akaenda ofisini mjini kuuliza kwa nini mwenye boti haulizwi, na kila Jumatatu karani akamwambia arudi wiki ijayo. Kula hakuli, kulala halali. Hyasinta alimpikia, akamfulia, akampigia pasi ile kanga. Kulia hakulia. Watu wote waliokuja kutoa pole walimpitia yeye mlangoni wakaenda kwa mama.

"Na mimi nataka kwenda kwa huyo wa karatasi," Jeska alisema.

"Mama, lako ni zito."

"Kama lingekuwa jepesi ningelileta?"

"Ukilitoa, nani ataenda kuuliza Jumatatu? Magesa atastarehe."

"Magesa anastarehe na sasa. Asiyestarehe ni mimi." Jeska akakaa kwenye kiti cha wasomaji. "Mwanangu, nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye kucha."

Hyasinta akalitazama dodoso. Mhuri wa kumruhusu mtu aende kwa Clementi ulikuwa wake, angeweza kukataa na kazi ikaishia hapo. Lakini alimwona mama yake jinsi mifupa ya shingo ilivyomtoka, akaogopa kwamba akikataa atamzika kabla mwaka haujaisha. Na akikubali, Renatus atabaki kwa nani?

"Nakala utamwachia nani?" akauliza.

"Wewe. Nani mwingine? Ila wewe unanikimbiaga. Nikimtaja kaka yako tu, unaenda kuosha vyombo."

Hilo lilikuwa kweli, tena vyombo vingine vilikuwa safi.

Kwa siku tatu, baada ya kufunga, walikaa chumba cha nyuma kwenye magazeti makuukuu. Jeska alisimulia na Hyasinta akarudia, akikosea anasahihishwa. Renatus alizaliwa kwenye shamba la muhogo, mvua inanyesha. Aliogopa jongoo mpaka ukubwani. Alipenda furu, visamaki vile vya ziwani, wa kukaushwa kuliko nyama. Siku ile alivaa shati la kijani lisilo na kifungo cha pili. Kwenye boti walikaa watu arobaini na moja, na magunia yalikuwa sitini. Jina la nahodha, rangi ya boti, nani alisema "tushushe mzigo" na Magesa akamjibu nini. Siku ya tatu Jeska alimwuliza hapa na pale kama mwalimu, akaridhika.

"Limeingia," akasema. "Gonga mhuri."

Hyasinta akagonga, mhuri ukakaa upande. Akagonga tena.

Jeska alikaa na Clementi tangu saa nne mpaka saa tisa. Clementi alijaza madodoso kumi na moja, na yote yalilowa. Aliyaanika dirishani, hayakukauka, akayaweka hivyohivyo kwenye sanduku. Jeska akatoka, akajinyoosha mgongo, akamwuliza bintiye, "Nyumbani kuna nini cha kula?" Alikula sato mzima, kichwa na yote, akaomba na mchuzi uliobaki. Saa moja jioni alikuwa amelala. Hyasinta alisimama mlangoni akisikiliza pumzi zake, moyo ukamtua. Hata kama angejuta baadaye, siku hiyo hakujuta.

Clementi aliondoka Jumamosi ya wiki iliyofuata. Sanduku lilinyanyuliwa na wanaume wanne, na kondakta wa basi akagombana naye kwa sababu lilichuruzika maji ya ziwa juu ya mizigo ya wenzake. Akaahidi kuleta ripoti. Hyasinta akaiandika ahadi hiyo chini ya ile ya mwaka themanini na moja, nafasi ilikuwepo.

Makoko hawakuchukua muda kuzoea. Walipoita "Mama Renatus!" Jeska hakugeuka, na baada ya siku mbili tatu wakaanza kumwita Mama Hyasinta, akawa anaitika. Bwana Magesa, ambaye kwa miaka minne akimwona anahamia upande wa pili wa barabara, sasa alimsalimia. Jeska alimwitikia vizuri, akamwuliza hali ya boti. Ilikuwa mpya, na ilipakia vilevile.

Aliyeacha kula sasa ni Hyasinta. Jumapili, baada ya misa, Jeska aliisogeza sahani ya ugali mbele yake, ikarudi kama ilivyokwenda.

"Wewe una nini?"

"Namwaza kaka yangu."

"Ulikuwa na kaka?" Jeska aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za jirani. "Jina lake nani?"

"Renatus."

"Jina zuri. Akapatwa na nini?"

Hyasinta akamweleza: boti, magunia sitini, shati la kijani. Alisema yote bila kukosea. Jeska alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi mara moja, akashika kidevu.

"Mama wee! Na huyo mwenye boti hajaulizwa?"

"Hajaulizwa."

"Watu wana roho! Basi kesho twende tukaulize. Huwezi kwenda peke yako na jambo kama hilo, mimi nitakusindikiza."

Wakaenda. Jeska alitembea mbele, tena haraka, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Karani alipowaona alifungua daftari bila kuuliza, akasema faili bado halijarudi, waje Jumatatu ijayo. Jeska akamkemea kwa dakika nzima, kwa sauti kavu ambayo kwa miaka minne hakuwa nayo, maana zamani sauti yake ilikatikaga njiani. Karani akaandika tarehe, akafunga daftari.

Walipofika nje, kwenye ngazi, Jeska alimgeukia bintiye, akamshika mabega yote mawili.

"Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Kaka ni kaka."

Ilikuwa pole ya kwanza aliyopewa Hyasinta tangu kaka yake azame. Akaketi palepale kwenye ngazi za ofisi, akaegemea magoti ya mama yake, akalia kwa sauti mpaka waliokuwa foleni wakampisha nafasi. Jeska alimfuta uso kwa upindo wa kanga, akimbembeleza, na alipoona kilio kinapungua akamwambia alie tu, amalize, Jumatatu bado iko mbali.