Kufuli la Pettway

Roosevelt Pettway alichomelea milango ya magari Detroit kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoanza, kitengo chao kilikuwa na watu arobaini. Alipostaafu walibaki sita na roboti. Kwa hiyo daktari alipomwambia kwamba ana saratani ya tezi dume, na kwamba roboti ndiyo itakayoitoa, alisema hapana, akavaa kofia yake akaondoka.

"Mikono ile naijua," alimwambia mkewe, Odessa. "Mmoja ulimvunja Tolliver wa kitengo chetu mbavu tatu. Huo ndio uje kunikata huko chini?"

"Huko chini kumelala tangu Krismasi. Unamlindia nani?"

"Odessa!"

"Mimi nataka mume aliye hai, mzee. Mengine tutayaona mbele ya safari."

Jumatatu akarudi hospitali, mfukoni ana kufuli lake jekundu la kiwandani lenye jina lake. Kule kiwandani huingii kwenye kizimba cha roboti kabla hujazima umeme na kupiga kufuli lako kwenye swichi, ufunguo ukabaki nao mwenyewe, mtu asije akaiwasha uko ndani. Tolliver hakupiga lake.

Daktari Kowalczyk, mwanamke mfupi wa makamo, alilitazama lile kufuli Roosevelt alilomwekea mezani.

"Nikiifunga mashine, Bwana Pettway, nitakukata kwa kitu gani?"

"Mimi nimelala fofofo, yenyewe imechachamaa. Anayeizuia nani?"

Daktari alimpeleka chumba cha mazoezi. Mwenyewe akakaa kitini, akaingiza uso kwenye tundu la kutazamia la mashine. Alipochezesha vidole, kule upande wa pili mikono ya mashine ikacheza juu ya sanamu la plastiki. Akainua kichwa. Ikaganda.

"Haijui kitu," alisema. "Ni koleo refu tu. Nikitoa uso, imesimama."

"Piga chafya ukiwa humo."

Alipiga, ya kuigiza. Kichwa kikatoka, mikono ikaganda.

"Na mkojo, baada ya hapo?"

"Utavuja wiki kadhaa, pengine miezi. Hilo lingine la kitandani sikuahidi."

"Afadhali huongopi."

Waliporudi mezani Roosevelt alirudisha kufuli mfukoni, akaomba kalamu atie sahihi.

Alhamisi wakamtoboa tumboni matundu sita madogo. Ijumaa alikuwa nyumbani, mpira wa mkojo umefungwa pajani. Baada ya wiki mbili barua ya maabara ikafika: saratani haikuwa imevuka nje ya tezi, na tezi yote imetoka. Odessa alimsomea mara mbili. Ya pili Roosevelt alicheka kwa furaha, mkojo ukamtoka, akaenda kubadili suruali.